Mtera: Historia ya Jibu Lililokosa Mpokeaji

Barabara ya kutoka Iringa kwenda Dodoma inapita juu ya ukuta wa bwawa la Mtera. Kusini ni nchi ya Wahehe, kaskazini ni nchi ya Wagogo, na pande zote mbili ni nyika ya miiba na mibuyu ambako mvua huja msimu mmoja tu kwa mwaka. Dodoma mjini, kwa wastani, haipati hata milimita 600. Katikati ya ukame huo limekaa ziwa ambalo likijaa lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 600. Wavuvi wa Migoli hulijua kwa perege na kambale. Wahandisi wa umeme hulijua kwa namba mbili: 698.5 na 690. Ya kwanza ni kimo cha maji, kwa mita kutoka usawa wa bahari, bwawa likiwa limejaa. Ya pili ni kimo ambacho maji yakishuka chini yake mitambo haipaswi kuendeshwa. Miaka ya neema ya Mtera na miaka yake ya giza imo yote ndani ya mita hizo nane na nusu.

Historia hiyo imesimuliwa mara nyingi kwa upande wa ukame, wa siasa na wa mikataba ya umeme. Mimi nataka kuifuata kwa upande wa hesabu, hasa jambo moja ambalo waandishi wa programu za kompyuta wanalifahamu vizuri: hesabu inaweza kufanywa sawasawa, ikatoa jibu, kisha jibu hilo likatupwa, au likapokewa na mtu anayedhani ni kitu kingine.

Mtera ilijengwa kwa ajili ya Kidatu. Kituo cha Kidatu, mkoani Morogoro, kilianza kufua umeme mwaka 1975 kikiwa na megawati 100, maji yakiporomoka kimo cha mita 175 hivi kabla ya kugonga mitambo. Bwawa lake lenyewe ni dogo. Linabeba mita za ujazo milioni 125 tu, na Ruaha Mkuu ni mto unaofurika masika na kunywea kiangazi. Ukitaka mitambo izunguke Oktoba, lazima maji ya Machi yawekwe mahali. Mahali palipochaguliwa ni Mtera, juu zaidi ya mto, ambapo Ruaha Mkuu unakutana na maji ya Ruaha Mdogo na Kisigo. Ujenzi ulikamilika mwishoni mwa miaka ya 1970, Sweden na Benki ya Dunia wakiwa miongoni mwa wafadhili wakubwa, na Kidatu ikaongezewa mitambo hadi kufikia megawati 204. Mtera yenyewe wakati huo haikufua hata uniti moja. Ilikuwa ghala: mita za ujazo zinazotumika zipatazo bilioni 3.2, na chini yake nyingine zipatazo nusu bilioni ambazo hazitumiki kwa sababu ziko chini ya kimo cha 690.

Ghala la nafaka unaweza kuhesabu magunia. Ziwa halihesabiki hivyo. Msoma kipimo anaangalia ubao wenye alama za mita na sentimita uliosimikwa ndani ya maji, anaandika kimo kwenye daftari, na kimo hicho kinapelekwa kwenye jedwali lililotengenezwa kwa kupima sura ya bonde kabla halijafurika. Unalipatia jedwali kimo, linakurudishia ujazo. Ujazo huo unapelekwa kwenye kanuni ya uendeshaji, nayo inarudisha jibu lake: leo fungulia kiasi hiki, au leo usifungulie. Hapa hakuna kompyuta bado, lakini tayari kuna mnyororo wa maswali na majibu, na kila jibu ni chakula cha swali linalofuata.

Katika kompyuta mnyororo huu ulipata umbo lake Cambridge, Uingereza. Mashine iitwayo EDSAC ilianza kufanya kazi Mei 1949 chini ya Maurice Wilkes, na kijana mmoja kwenye kundi lake, David Wheeler, akatafuta namna ya kutorudia kuandika hesabu ileile kila inapohitajika. Alitaka kipande kinachokokotoa kipeuo cha pili, kwa mfano, kiandikwe mara moja, kihifadhiwe, na programu yoyote ikiite. Tatizo lilikuwa kurudi. Kipande kikimaliza kazi kitajuaje kirudi wapi, ikiwa kimeitwa kutoka sehemu kumi tofauti? Wheeler alifanya mwitaji aache alama ya mahali alipo kabla ya kuruka, na kipande kikaitumia alama hiyo kujijengea amri ya kurudi. Mwaka 1951 Wilkes, Wheeler na Stanley Gill walichapisha kitabu kuhusu namna hiyo ya kuandika programu, wakionyesha maktaba nzima ya vipande hivyo, kila kimoja na maelezo yake: kinahitaji nini, na jibu kitaliacha wapi. Maelezo hayo ya jibu hayakuwa pambo. Mwitaji akichukua namba kutoka sehemu nyingine ya kumbukumbu, mashine haimkatazi, haimwonyi, inaendelea na kazi kwa namba isiyo yake.

Fanksheni za leo, katika lugha za programu kama Python, JavaScript au C, ni wajukuu wa vipande vile. Na makosa ya leo ni yaleyale.

Tanzania ilipokea kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, Wizara ya Fedha, mashine ya aina ya ICT 1500. Miaka michache baadaye hesabu za serikali zilihamishiwa kwenye mashine za ICL, zikavurugika, na wizara ikalazimika kurudi kwenye njia za zamani. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Hivyo Mtera ilijengwa katika miaka ambayo mashine ya kuhesabia ilikuwa kitu cha kuombewa kibali. Wengi huona marufuku ile kama woga wa maendeleo. Mimi naiona kwa huruma zaidi: nchi changa ilipewa namba na mashine ambayo hakuna aliyekuwa na uwezo wa kuihoji, ikachagua kukaa bila namba hizo kuliko kuziamini kwa upofu. Uamuzi ulikuwa mzito kupita kiasi, na miaka ya 1980 ulilegezwa, lakini swali lililouzaa lilikuwa halali.

Mwaka 1988 Mtera ikaacha kuwa ghala tu. Mitambo miwili ya megawati 40 ilifungwa chini ya ukuta, na tangu siku hiyo kila lita iliyotoka Mtera ilizaa umeme mara mbili, hapo na kule Kidatu. Ni habari njema, ila ina mtego. Mwanzoni, sababu pekee ya kufungulia maji Mtera ilikuwa Kidatu kuyahitaji. Masika, kati ya mabwawa hayo mawili, mito kama Lukosi na Yovi huingiza maji yake mwenyewe kwenye Ruaha Mkuu, na Kidatu inaweza kuishi kwa hayo huku Mtera ikijaza. Mitambo ya Mtera ilipowashwa ikapatikana sababu ya pili ya kufungulia: umeme wa Mtera yenyewe. Maji yaliyofunguliwa kwa sababu hiyo katikati ya masika yanafika Kidatu wakati bwawa dogo la milioni 125 limeshajaa maji ya Lukosi na Yovi. Yanamwagika juu ya ukuta na kwenda Rufiji. Kila mita ya ujazo inayomwagika Kidatu inapoteza umeme wa karibu uniti 0.4, mita za ujazo bilioni moja ni uniti milioni 400.

Anayeandika programu atalitambua jambo hili mara moja. Fanksheni ilibaki na jina lilelile, lakini mwitaji alibadilika. Jibu la "fungulia" lililokuwa na maana moja sasa lina maana mbili, na anayelipokea hajui ameambiwa ipi.

Kisha ikaja miaka ya 1991 hadi 1994. Kimo cha Mtera kilishuka kwa kasi iliyowashangaza waliokuwa wakikitazama, na taifa ambalo umeme wake mwingi ulitoka kwenye maji likaingia kwenye mgawo mwaka 1992, na tena 1994. Viwanda vilisimama, mahospitali yakatafuta jenereta, wanafunzi wakasoma kwa vibatari. Mwishoni mwa 1993 Ruaha Mkuu ulikauka ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, viboko wakabaki kwenye madimbwi ya tope. Mambo hayo mawili, mto mkavu hifadhini na bwawa tupu Mtera, yaliunganishwa haraka kuwa hadithi moja: maji yameliwa Usangu. Juu kabisa ya bonde, mkoani Mbeya, yapo mashamba ya mpunga ya Mbarali na Kapunga, maelfu ya wakulima wadogo wenye mifereji yao, na wafugaji wenye ng'ombe wengi kandokando ya ardhi oevu ya Ihefu. Hadithi ilikuwa rahisi kuelewa, na wahusika wake walikuwa mbali na Dar es Salaam.

Serikali haikusubiri mvua. Mwaka 1995 ulisainiwa mkataba wa miaka 20 na kampuni ya IPTL kwa ajili ya mtambo wa dizeli wa megawati 100, ambao hata hivyo ulianza kuingiza umeme kwenye gridi mwaka 2002. Mkataba huo uliendelea kuigharimu nchi, hadi sakata la 2014 la fedha zilizotolewa kwenye akaunti ya Escrow iliyotokana na mgogoro wake.

Hata hivyo hesabu zilikuwapo. Ripoti ya mwaka 1995 iliyofadhiliwa na Denmark pamoja na Benki ya Dunia iligawa maji yanayoingia Mtera hivi: Ruaha Mkuu kutoka Usangu asilimia 56, Kisigo asilimia 26, Ruaha Mdogo asilimia 18. Karibu nusu ya maji, basi, haipiti kabisa kwenye mashamba yaliyolaumiwa. Mradi wa SMUWC, ulioanza 1998 kwa msaada wa Uingereza, ulichunguza Usangu kwa undani na kutenganisha mambo mawili yaliyokuwa yamefungwa pamoja. Umwagiliaji wa kiangazi unaukausha mto hifadhini, hilo ni kweli na ni la kuhuzunisha. Lakini Mtera inajazwa na mafuriko ya masika; maji ya kiangazi ni kidogo mno kuweza kulijaza au kulimaliza bwawa la ukubwa ule. Watafiti Magayane Machibya, Bruce Lankford na Henry Mahoo waliuliza kwa maandishi kama ugomvi kati ya mpunga wa Usangu na umeme wa Mtera ni wa kweli au wa kudhaniwa.

Jibu lililonivutia zaidi lilitoka kwa kundi la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo: Daniel Yawson, Japhet Kashaigili, Kachroo na Mtalo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 walichukua programu ya kuigiza mabwawa iitwayo TALSIM, iliyotengenezwa Darmstadt, Ujerumani, wakailisha takwimu za Mtera na Kidatu, na kuiuliza: maji ya miaka ile yangetumikaje? Walichokiona ni kwamba umwagikaji usio wa lazima ulichangia upungufu, na kwamba maji ya mito iliyo kati ya Mtera na Kidatu hayakutumiwa ipasavyo. Mabwawa hayo mawili yakiendeshwa kama kitu kimoja, shida ya miaka ya mwanzo ya 1990 ingepungua sana.

Ili kuelewa kwa nini kazi hiyo inahitaji uangalifu, fikiria ndani ya programu ya namna hiyo kuna nini. Kuna fanksheni inayopokea kimo na kurudisha ujazo. Mwanafunzi anayeiandika mara ya kwanza atadhani ujazo unakwenda sawia na kimo: nusu ya mita nane na nusu ni nusu ya bilioni 3.2. Bonde la Mtera halikubali. Juu ni pana, kilomita za mraba zipatazo 600, hivyo mita ya mwisho ya juu peke yake inabeba karibu milioni 600, wakati wastani wa kila mita ni chini ya milioni 400. Bwawa linaloonekana limebaki nusu kwa macho limebaki pungufu ya nusu kwa ujazo. Tena, fanksheni ikirudisha ujazo wote, pamoja na ile nusu bilioni ya chini isiyotumika, na mwitaji akaudhani ni ujazo wa kutumia, taifa litapanga umeme kwa maji ambayo mitambo hairuhusiwi kuyagusa.

Kuna fanksheni ya mtiririko. Vituo vya mtoni hupima kwa mita za ujazo kwa sekunde; bwawa huhesabiwa kwa mamilioni ya mita za ujazo. Kati yake kuna sekunde 86,400 za siku. Mtiririko wa 100 kwa sekunde ni milioni 8.64 kwa siku, na namba iliyorudishwa haina kibandiko kinachosema ni ya aina gani. Kosa hilohilo liliipoteza Mars Climate Orbiter, chombo cha NASA kilichofika sayari ya Mars tarehe 23 Septemba 1999. Programu moja ardhini ilitoa msukumo wa injini ndogo kwa vipimo vya pauni, nyingine ikaupokea kana kwamba ni vya nyutoni. Tofauti ni mara 4.45. Kila programu ilifanya hesabu yake sawasawa. Chombo kilipita chini mno angani mwa Mars na hakikusikika tena.

Kuna pia siku ambazo msoma kipimo aliumwa, au mafuriko yaliung'oa ubao wa kupimia. Wataalamu wa maji wana desturi ya kuandika -999 mahali pasipo kipimo. Ni ishara, na mtu anayeiona kwa macho hawezi kudanganyika. Fanksheni inayokokotoa wastani wa mwezi haina macho hayo: itaijumlisha -999 pamoja na siku nyingine na kurudisha mto unaotiririka kinyumenyume, au, vibaya zaidi, mto uliopungua kidogo tu kiasi cha kuaminika. Roketi ya Ariane 5 ilianguka kwa kosa la ukoo huo. Tarehe 4 Juni 1996, huko Kourou, kifaa chake cha kujua mwelekeo kilizidiwa na namba kubwa kuliko nafasi iliyotengwa, kikazima na kutuma taarifa ya hitilafu. Kompyuta kuu iliisoma taarifa hiyo kama kipimo cha mwelekeo, ikaigeuza roketi ghafla, na sekunde zipatazo 40 tangu kuanza safari roketi ikajilipua. Kifaa kilisema ukweli, kwamba kimeshindwa, na mpokeaji akausikia kama namba ya kawaida.

Makosa madogo zaidi ndiyo yanayowapata wanaoanza, na yanastahili kutajwa kwa majina. Mmoja anaandika fanksheni inayoonyesha ujazo kwenye skrini, anauona, anaridhika, na anasahau kuurudisha. Sehemu inayofuata ya programu inapokea utupu. Mwingine anaandika sharti: kimo kikizidi 690, rudisha ujazo, akanyamaza kuhusu kimo kikiwa chini ya hapo. Katika Python fanksheni hiyo itarudisha kitu kisicho na thamani. Katika C inaweza kurudisha takataka yoyote iliyokuwa kwenye kumbukumbu. Naye atagundua katika mwaka wa ukame, maana ndipo tawi lile lililosahaulika linapofikiwa. Kwangu mimi hili ndilo la hatari kuliko yote, kwa kuwa programu hupita majaribio yote ya miaka ya mvua. Anayeandika afuate kila njia ndani ya fanksheni mpaka mwisho wake na kuhakikisha kila moja inarudisha jibu, na jibu la "haiwezekani" liwe na umbo lisiloweza kuchanganywa na ujazo wa maji.

Na wapo wanaoiita fanksheni, ikarudisha jibu, wasilishike kabisa. Katika mifumo ya Unix miito mingi ya mfumo hurudisha -1 inaposhindwa, na kwa miongo mingi watu waliandika programu ambazo haziiangalii. Stephen Johnson wa Bell Labs alitengeneza miaka ya 1970 chombo cha kukagua programu za C, kiitwacho lint, kilicholalamikia mambo kama hayo. Watu wakajifunza namna ya kukinyamazisha. Toleo la lugha ya C++ la mwaka 2017 likaongeza alama ambayo mwandishi wa fanksheni huiweka ili mwitaji akilitupa jibu aonywe. Ilichukua zaidi ya miaka 60 tangu Wheeler.

Mtera haikupata alama kama hiyo. Mwaka 2001, akiwa London, Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliahidi kwamba Ruaha Mkuu utatiririka mwaka mzima ifikapo 2010. Mwaka 2006 kimo cha bwawa kilishuka chini ya 690 na mgawo ukarudi, ukizaa safari hii mkataba wa umeme wa dharura na kampuni ya Richmond. Mwaka huohuo na uliofuata, wafugaji wa Usangu waliondolewa na mifugo yao, wengi wakipelekwa mikoa ya Lindi na Pwani, na mwaka 2008 eneo hilo likaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha. Hadithi ya mwanzo wa miaka ya 1990 ndiyo iliyotekelezwa, kwa malori na askari, wakati hesabu zilizoirekebisha zilikuwa zimeshachapishwa. Nasema hivi nikijua kwamba Ihefu ilihitaji kulindwa, na kwamba 2006 ilikuwa na ukame wa kweli. Lakini familia zilizohamishwa kwa sababu ya umeme zilistahili kuambiwa kwamba maji ya masika yaliyomwagika Kidatu nayo yaliwekwa kwenye mizani.

Sasa mnyororo umerefuka. Ruaha Mkuu, baada ya Mtera na Kidatu, unaingia Rufiji juu ya bwawa la Julius Nyerere, lenye megawati 2,115, ambalo mtambo wake wa kwanza uliingizwa kwenye gridi Februari 2024. Maji yanayomwagika Kidatu leo hayapotei tena baharini bila kazi. Yanakuwa kiingizo cha bwawa linaloweza kuhifadhi mara kumi ya Mtera. Kanuni ya kufungulia Mtera iliyoandikwa kwa ajili ya Kidatu peke yake, kisha ikanyooshwa mwaka 1988 kwa ajili ya mitambo miwili ya megawati 40, ina mwitaji wa tatu, na wanaoiandika upya wanapaswa kusema waziwazi kila jibu inalorudisha ni la nani.